Akteri Hafake: Filme Tunazorudilia Kutazama Hapa Goma

Mtu akiombwa kutaja desturi za Kivu ya Kaskazini, atataja ngoma, mahari, hadisi za wazee, ugali wa muhogo na sombe. Sinema hataitaja. Wengi wetu tunaihesabu kuwa kitu cha wageni, ao kitu cha kupotezea vijana wakati. Lakini kijana wa Goma wa miaka ya 1990, ambaye leo ni baba wa watoto, anaweza kukusimulia filme Commando tangu mwanzo hadi mwisho, na kukuonyesha kwa mikono namna kila bandi alivyoanguka. Hakuiona mara moja. Aliiona mara kumi, mara ishirini, katika nyumba ya video ileile, pamoja na watu walewale.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba kurudilia filme ni desturi ya kweli ya mji wetu. Iko na historia yake, maneno yake, kanuni zake na mafundi wake. Tena tutajaribu kujibu swali moja ambalo wazazi na walimu wameliuliza mara mingi: kwa nini mji ulioonja vita vingi namna hii ulipenda kuliko zote filme za vita?

1. Pazia mbele ya kanisa

Sinema ilifika Kongo mikononi mwa wakubwa wa wakati ule. Serikali ya Ubelgiji iliogopa nguvu ya picha. Katika miaka ya 1930 na 1940 iliweka sheria za kuchuja filme, na Mwafrika hakuruhusiwa kuona filme yoyote isipokuwa ile iliyokubaliwa kwa ajili yake. Wataalamu wa wakati ule waliandika kwamba Mwafrika hawezi kufuata filme yenye mambo mengi. Wakashauri picha ziende polepole, hadisi iwe moja, wala isiruke kutoka leo kwenda jana. Waingereza, jirani wa Wabelgiji, walikuwa na mawazo hayohayo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Tanganyika, walijaribu kutengeneza filme za mafundisho kwa watu wa Afrika Mashariki, juu ya kilimo, afya na kuweka akiba.

Kwetu kazi hiyo ilishikwa sana na mapadri. Katika miaka ya 1950 walikuwa na vituo vya kutengeneza filme Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Hapa Kivu, Mapadri Weupe walikuwa na kituo chao Bukavu, kilichoitwa Africa Films. Kule Luluabourg Padri Albert Van Haelst alitengeneza filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili, watu wawili ambao wengi waliwafananisha na Laurel na Hardy. Kule Léopoldville Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filme za kuchora za Mboloko, yule swala mdogo anayewashinda wanyama wakubwa kwa akili yake.

Tuangalie namna filme hizo zilivyoonyeshwa. Kamio ilifika na mashini, pazia jeupe likafungwa mbele ya kanisa ao shule, na mtu akasimama kando ya pazia akaeleza kwa lugha ya watu wa fasi ile. Na kwa kuwa filme zenyewe zilikuwa chache, ileile ilirudi. Watoto waliomwona Mboloko mara ya kwanza walicheka kwa mshangao. Mara ya tatu walicheka kabla ya wakati wake. Wala Mboloko hakuwa mgeni kwao. Wasemaji wa Kinyarwanda wa Rutshuru na Masisi walikuwa na Bakame wao, na Waswahili walikuwa na sungura wao: mnyama dogo, bila nguvu, anayemfunga mkubwa kwa maneno.

Basi mambo mawili yalipandwa tangu wakati ule: filme inayorudi, na mtu anayeieleza. Yote mawili tutayakuta tena mbele.

2. Kaboi na Wahindi

Ijapokuwa serikali ilichuja, watu walichagua wenyewe. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walishikwa na filme za kaboi, zaidi ya zote Buffalo Bill ya mwaka 1944, iliyoongozwa na William Wellman. Waliirudilia hadi wakajiita Bills. Walifunga kitambaa shingoni, wakavaa kofia pana, wakatembea namna ya kaboi. Wakaunda pia lugha yao ya mtaani iliyoitwa Hindubill. Jina hilo linaunganisha Wahindi na Bill, yaani filme za India na filme za kaboi, zile mbili ambazo vijana hao walikunywa kama maji. Wabelgiji walipeleka filme za mafundisho juu ya usafi. Vijana wakatoka na farasi ambaye hawakuwa naye.

Upande wa mashariki, kwenye pwani, filme za India ndizo zilizotawala. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, watu waliona Awara ya Raj Kapoor (1951) na Mother India (1957) mwaka kwa mwaka, na familia nzima zilirudi kuziona. Mother India inaeleza mama anayelea watoto katika deni na taabu ya shamba, na mwisho anampiga risasi mtoto wake mwenyewe kwa ajili ya heshima ya kijiji. Kila mtu ukumbini alijua kwamba risasi hiyo inakuja. Walilia vilevile. Huko India kwenyewe, Sholay ya mwaka 1975 ilionyeshwa katika ukumbi mmoja wa Bombay, Minerva, kwa zaidi ya miaka mitano, na maneno ya shefu-bandi wake, Gabbar Singh, yaliuzwa kwa santuri kama muziki.

Goma ilikaa katikati ya njia hizo mbili. Kutoka magharibi ilipata Kifaransa, Lingala na mitindo ya Kinshasa. Kutoka mashariki ilipata bidhaa zinazopita Mombasa na Kampala: vitambaa, sabuni, radio, na baadaye kanda za video. Ndiyo maana ladha ya sinema ya Goma haikufanana kabisa na ya Kinshasa wala na ya Dar es Salaam.

3. Nyumba za video

Video ndiyo iliyoleta sinema katika kartie. Ukumbi wa sinema unadai jengo kubwa, mashini ya bei na filme ya kukodi. Nyumba ya video inadai chumba kimoja, televizyo, mashini ya VHS, mabenchi, na jenereta kwa siku umeme unapokatika. Birere, Majengo, Katindo, Ndosho, kila kartie ilipata nyumba zake. Dirisha lilizibwa kwa blanketi ao kartoni ili kuwe giza. Mlangoni kulisimama ubao mweusi wenye chaki: filme ya saa nane, filme ya saa kumi, filme ya jioni. Na siku ya mpira, filme iliondolewa, timu ikaandikwa.

Kanda hazikuwa nyingi, na mwenye nyumba alijua ni zipi zinajaza benchi. Bruce Lee alikuwa wa kwanza. Alikufa tarehe 20 Julai 1973, mwezi mmoja kabla ya Enter the Dragon kutoka, lakini hapa kwetu aliishi miaka mingi kisha. Halafu Schwarzenegger katika Commando (1985), baba anayewafuata watu walioiba binti yake. Halafu Sylvester Stallone katika Rambo. Halafu Chuck Norris. Halafu Jean-Claude Van Damme wa Bloodsport (1988), mzaliwa wa Brussels, Mbelgiji ambaye vijana wa Goma walimkubali bila ubishi. Wengi hawakujua majina ya watu hao. Schwarzenegger aliitwa tu Commando, na Stallone aliitwa Rambo, sawasawa na mtu anayeitwa kwa jina la kazi yake.

Makanisa nayo yalikuwa na filme yao ya kurudilia. Filme Jesus ya mwaka 1979 imetafsiriwa katika lugha zaidi ya elfu moja, Kiswahili kikiwemo, na ilionyeshwa usiku katika viwanja, mijini na vijijini. Hakuna aliyesema: hiyo nimekwisha kuiona, najua namna inavyomalizika. Kila mtu alijua namna inavyomalizika kabla ya kuzaliwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha wazi kwamba kujua mwisho hakumzuii mtu kutazama.

Kanda ya VHS yenyewe iliandika historia ya kupendwa kwake. Kanda iliyochezwa mara mingi huanza kutoa mistari meupe, na sauti inazama. Fasi penye watu waliomba kurudishwa nyuma ndipo palipochakaa mbele ya pengine. Ulipoona picha inatetemeka, ulijua: hapa ndipo wanapopapenda. Kisha zikaja VCD, ambazo filme moja iligawanywa juu ya sahani mbili, na ole wa nyumba iliyopoteza sahani ya pili. Kisha DVD za filme kumi kwa sahani moja, kisha flashi na kadi ya simu.

4. Kanuni za mchezo

Kila desturi iko na kanuni. Ya kwanza ndiyo tuliyoiweka kwa kichwa cha makala hii: akteri hafake. Akteri ni mtu mwema wa filme, yule wa kufuatwa. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini hafi. Adui yake mkubwa ni shefu-bandi, na yeye hufa wa mwisho. Bandi wadogo hufa mwanzoni, na hakuna anayewalilia. Mtoto wa miaka saba aliyekaa benchi la mbele alijua kanuni hizi kuliko alivyojua zile za sarufi.

Kanuni ikiwepo, mabishano yanakuja. Je, katika Fist of Fury ya mwaka 1972, Bruce Lee alikufa ao hakufa? Mwishoni anawarukia askari wenye bunduki, milio inasikika, na picha inasimama yeye akiwa bado hewani. Wenye kusema alikufa walikuwa na milio ya bunduki. Wenye kusema hakufa walikuwa na picha: miguu yake haikugusa chini. Mabishano ya namna hiyo yalimalizikia barabarani, na dawa ilikuwa moja tu: kurudi kesho kuiona tena. Sholay nayo ilisumbua, juu ya Amitabh Bachchan anakufa ndani yake na rafiki yake anabaki. Na Titanic (1997) ilipofika, vijana wengi walitoka wamekasirika. Akteri gani huyu anazama?

Kanuni ya pili ni kwamba nyumba ya video si fasi ya kunyamaza. Anayejua filme anasema neno kabla ya akteri. Mwingine anaonya: "Nyuma yako, weye!" Mwingine anamtuliza mgeni: "Ngoja, bado hujaona penye anawapiga." Hili ni jambo la wazee wetu. Msimulizi wa hadisi hakusema peke yake. Aliita, na watu wakaitika. Kwenye pwani anaanza kwa Paukwa, na wanamjibu Pakawa. Kila kabila la kwetu liko na namna yake ya kuitika. Mtoto alisikia hadisi ileile msimu kwa msimu, na kama msimulizi aliruka fasi moja, mtoto ndiye aliyemsahihisha. Furaha ilikuwa katika kuingoja fasi inayojulikana, pamoja na wengine, na kuipokea kwa sauti moja.

Kwa hiyo tunasema: nyumba ya video ilichukua kiti cha moto wa jioni. Hadisi ilitoka Hong Kong ao Los Angeles. Namna ya kuisikiliza ilikuwa ya kwetu.

5. Watu wa kueleza

Filme nyingi zilisema Kiingereza, Kichina ao Kihindi, lugha ambazo wachache walizijua. Hapo akarudi yule mtu wa kando ya pazia. Katika Uganda walimwita VJ. Anakaa na mikrofoni, anaeleza kwa Kiganda, anaongeza utani, anawapa bandi majina ya watu wa mtaani. Katika Rwanda filme za namna hiyo ziliitwa agasobanuye, yaani iliyoelezwa, na sauti ya Yanga ilijulikana katika kila nyumba. Katika Dar es Salaam Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alieleza filme kwa Kiswahili na kuziuza kwa kanda. Katika Kenya kuna DJ Afro.

Goma iko mpakani, na watu wake wanasikia lugha mingi, basi kazi za mafundi hao zilitufikia kwa njia zilezile za biashara. Mtu aliweza kuona filme moja ya Van Damme ikielezwa kwa Kiganda wiki hii na kwa Kinyarwanda wiki ijayo. Haikuwa filme moja tena. Mweleza mmoja aliifanya iwe kilio, mwingine aliifanya iwe kicheko. Watu walichagua mweleza kuliko walivyochagua filme, sawasawa na wazee walivyochagua nyumba ya msimulizi mzuri hata kama hadisi yake waliijua.

Kuna watu wasomi waliodharau kazi hii, wakisema kwamba mweleza anaharibu filme ya watu. Sisi tunaona vingine. Mweleza ndiye aliyemvusha mgeni mpaka na kumkalisha kwetu. Huko Kampala kazi hiyo imezaa hata sinema mpya: Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, sauti ya VJ iliwekwa ndani ya filme yenyewe, na leo inatazamwa hivyo dunia nzima.

6. Kanumba, na Kiswahili juu ya televizyo

Katika miaka ya 2000 lilitokea jambo jipya: filme za Waafrika zikaanza kurudiliwa kama zile za Rambo. Za Nigeria zilitangulia. Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, wale wafupi wawili wa Aki na Ukwa (2002), waliwachekesha watoto wa Goma bila mtu kujua Kiigbo. Halafu zikafika za Tanzania.

Steven Kanumba ndiye aliyefungua mlango. Filme kama Dar 2 Lagos (2006) na Oprah (2008) zilikuwa na nyumba nzuri, wivu, magonjwa, mama-mkwe, mambo ya kila siku. Zaidi ya yote zilisema Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mama wa Goma aliweza kutazama filme nzima bila kumuuliza mtoto wake: anasema nini? Ni kweli Kiswahili hicho si chetu. Sisi tunasema "tuko na", wao wanasema "tuna". Sisi tunasema "fasi", wao wanasema "mahali". Lakini kwa kurudilia filme hizo, vijana wetu walijifunza Kiswahili cha Dar es Salaam kuliko walivyojifunza katika vitabu. Walimu wanajua jambo hili vizuri, juu linaonekana katika insha za wanafunzi.

Kanumba alikufa tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Umati mkubwa ulimzika Dar es Salaam, na hapa kwetu watu walimlilia kama jirani. Kisha wakafanya walichojua kufanya: wakarudilia filme zake. Hapo kanuni ya akteri ilipata maana nyingine. Mtu amekufa, na kila jioni anarudi, anacheka, anagombana na mke wake. Vivyo hivyo ilikuwa kwa Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Watu walitafuta tena La Vie est belle (1987), penye yeye ni kijana mwanamuziki anayeacha kijiji na kuja kutafuta bahati Kinshasa. Tukumbuke kwamba filme hiyo iliongozwa na Benoît Lamy pamoja na Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu. Mweze huyohuyo alipata zawadi kubwa ya FESPACO, Étalon de Yennenga, mwaka 1999 kwa Pièces d'identités.

7. Kwa nini filme za vita?

Sasa turudi kwenye swali letu. Tangu Julai 1994, wakimbizi walipojaa mji kutoka Rwanda, Goma haikupumzika. Vita ya 1996, vita ya 1998, M23 mwaka 2012, na M23 tena mwishoni mwa Januari 2025. Katikati yake, mulima Nyiragongo ulitapika moto tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikachoma Birere na fasi zingine. Ukatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Kila mara watu walibeba magodoro na watoto, wakaenda Gisenyi, Sake ao Bukavu, wakarudi.

Wazazi waliuliza: mtoto aliyesikia risasi za kweli usiku, anatafuta nini katika risasi za Rambo mchana? Wachungaji na walimu walisema filme hizo zinafundisha ubandi. Hatuwezi kusema kwamba hofu yao ilikuwa bure. Kuna vijana waliochukua bunduki na kujiita Rambo, na hilo si jambo la kuchekesha. Kuna wanafunzi walioacha masomo kwa ajili ya filme ya saa nane.

Lakini tuangalie vizuri ni nini kilichorudiliwa. Katika vita ya kweli mtu hajui nani ni akteri. Hajui shefu-bandi yuko wapi, wala kama atakufa wa mwisho ao hatakufa kabisa. Hajui filme inamalizika saa ngapi. Katika nyumba ya video yote hayo yanajulikana. Risasi zinapigwa, na mwema hafi. Binti aliyeibwa anarudi kwa baba yake. Watu wanatoka nje, wanapepesa macho kwa jua, wanacheka. Kwa saa moja na nusu vita ilikuwa na mwisho, na mwisho ulikuwa wa haki. Hatuoni ajabu kwamba watu walilipa kuingia tena.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanalisahau. Rambo ya kwanza kabisa, ya mwaka 1982, si filme ya ushindi. Ni mtu aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, hana kazi, hana rafiki aliyebaki hai, anafukuzwa katika mji mdogo kama mbwa. Mwishoni, yule jitu la mikono minene anakaa chini na kulia kama mtoto, akikumbuka rafiki yake aliyekufa mikononi mwake. Katika mji wenye askari wengi waliotupwa na vita mbalimbali, kilio hicho kilieleweka bila mweleza.

8. Picha zetu wenyewe

Kuna filme ambazo Goma yenyewe inaonekana. Virunga ya mwaka 2014, ya Orlando von Einsiedel, inaonyesha walinzi wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, tamaa ya petroli, na kuanguka kwa mji mwaka 2012. Ilitajwa kwa tuzo ya Oscar. Ndani yake tunamwona André Bauma akilea sokwe yatima. Mmoja wao, Ndakasi, alikufa mikononi mwake mwaka 2021. Dunia iliiona. Hapa kwetu ni wangapi waliiona mara mbili?

Watoto wa mji nao wamefanya kazi. Petna Ndaliko Katondolo na kituo cha Yole!Africa walifundisha vijana kushika kamera tangu miaka ya 2000, na tamasha la Salaam Kivu lilipeleka filme kwa watu wa Goma. Ni kazi ya kushukuru. Lakini historia tuliyoieleza inatufundisha jambo moja: filme haiwi ya kwetu kwa sababu imetengenezwa kwetu. Inakuwa ya kwetu siku watu wanapoijua kwa moyo na kuitaka tena. Commando ilitoka Marekani, ikawa ya Ndosho kwa kurudiliwa. Filme ya Goma inayoonyeshwa jioni moja ya tamasha, kisha ikasafiri Ulaya isirudi, bado ni mgeni kwetu.

Na wakati haungoji. Kanda ziliungua mwaka 2002 pamoja na nyumba. Zingine zilipotea katika kukimbia. Zingine zilitupwa VCD zilipofika. Leo kijana anatazama filme peke yake katika simu, masikio yamezibwa, hakuna wa kubishana naye kama miguu ya Bruce Lee iligusa chini. Filme zimekuwa mingi, na zile zinazojulikana na wote zimepunguka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye nyumba za video wa zamani waandike, ao waandikiwe na watoto wao, majina ya filme zilizojaza benchi na majina ya mafundi waliozieleza. Walimu wawape wanafunzi kazi ya kukusanya maneno ya mchezo huu, akteri, shefu-bandi na mengine, kabla hayajasahauliwa. Na wenye filme za kwetu wazilete katika kartie, Majengo, Katindo, Ndosho, wazionyeshe leo, na mwezi ujao, na mwaka ujao, kwa Kiswahili cha hapa, hadi mtoto wa benchi la mbele aseme neno kabla ya akteri.